Akili ni nywele: Historia ya kipimo cha akili na funzo lake kwa walimu wetu

WALIMU wengi katika enzi hii ya mtaala wa umilisi, CBC, hupenda kusema kwamba kila mtoto ana akili ya aina yake. Huyu ana akili ya muziki, yule ana akili ya mikono, mwingine ana akili ya hesabu. Ni kauli nzuri, na wahenga walitangulia kuisema: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hata hivyo, dhana hii ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa papa hapa Kenya. Ninaifuatilia katika makala haya kwa sababu naona tumo katika hatari ya kurudia kosa la kale kwa jina jipya.

Tuanzie Ufaransa. Mwaka wa 1904 serikali ya nchi hiyo iliunda tume ya kushughulikia watoto waliokuwa wakibaki nyuma shuleni. Mwanasaikolojia Alfred Binet alikuwa mmoja wa wanatume. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Théodore Simon walitoa jaribio lenye mazoezi 30, kuanzia mepesi hadi magumu. Nia ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada ili asaidiwe, basi. Binet hakuamini kwamba akili ni kitu kisichobadilika. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1909 aliwapinga waliodai hivyo, akashikilia kwamba akili ya mtoto yaweza kukuzwa kwa mafunzo na mazoezi.

Binet alifariki mwaka wa 1911. Mwaka uliofuata, Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na hapo ikapatikana namba moja ya kumweleza mtu mzima mzima. Mwaka wa 1916, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alilipanua jaribio hilo na likaenea. Kifaa cha kusaidia watoto kikageuka mizani ya kuwapanga binadamu kwa madaraja.

Mizani hiyo haikuchelewa kufika kwetu. Mwaka wa 1932 jaribio la akili lililotungwa na R.A.C. Oliver mahususi kwa Waafrika lilipigwa chapa Nairobi na serikali ya kikoloni. Miaka miwili baadaye, daktari F.W. Vint alichapisha makala kuhusu ubongo wa Mwafrika wa Kenya, akidai kuwa ulikuwa na upungufu ukilinganishwa na wa Mzungu. Daktari mwingine, H.L. Gordon, alikuwa mstari wa mbele kuyavumisha madai ya aina hiyo. Hebu tujiulize: wakati huo Waafrika wangapi walikuwa wamepata elimu ya sekondari? Shule ya Alliance yenyewe ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1926 tu. Yaani mtu ananyimwa darasa, anapimwa kwa vipimo vya darasani, kisha anaambiwa eti hana akili!

Ilichukua miongo mingi kabla ya watafiti kuuliza swali ambalo lingeulizwa mwanzo: wenyeji wenyewe wanaposema mtoto huyu ana akili, huwa na maana gani? Katika miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super walifanya utafiti Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Waligundua kwamba neno ng'om, linalotumika kumsifu mtoto mwenye akili, lilibeba pia maana ya uwajibikaji. Mtoto ng'om huona kazi inayotakiwa kufanywa akaifanya bila kusukumwa. Akili za darasani zilitengwa kwa maneno yake: ng'om en sukul. Nayo akili ya mtu mzima aliye mjanja iliitwa utat. Lugha ilikuwa imezigawa akili kabla ya profesa yeyote kuzigawa.

Mwaka wa 1979, Robert Serpell alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Waliombwa waige maumbo mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, wale wa Manchester walitia fora. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka huutumia kuundia magari ya kuchezea, Wazambia wakawashinda. Kwa udongo, walitoshana nguvu. Anayechagua kifaa cha kupimia huwa ameshachagua mshindi.

Ni katika mkondo huo ambapo mwaka wa 1983 Howard Gardner, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu chake Frames of Mind. Alikuwa amefanya kazi na wagonjwa walioumia ubongo, akaona jinsi mtu anavyoweza kupoteza lugha huku uwezo wake mwingine ukisalia. Akataja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya mwili, ya nafasi na maumbo, ya kuelewana na wengine, na ya kujielewa. Baadaye akaongeza ya nane, ya kutambua viumbe na mazingira. Wanasaikolojia wengi hawakushawishika, kwa kuwa anayefanya vyema katika jaribio moja huelekea kufanya vyema katika mengine pia. Walimu, hata hivyo, waliipokea nadharia hiyo kwa mikono miwili. Mwongozo wa mtaala wetu wa mwaka wa 2017 unaitaja miongoni mwa misingi yake.

Utafiti unaonigusa zaidi ni ule uliochapishwa mwaka wa 2001 na Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, akiwemo msomi wetu Frederick Okatcha. Walifika kwa jamii ya Waluo karibu na Ziwa Victoria, wakapima ujuzi wa watoto kuhusu dawa za mitishamba. Watoto waliozijua dawa hizo zaidi walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati na masomo ya shule. Katika utafiti mwenza, wanajamii walitaja sura nne za akili: rieko, yaani maarifa na ujuzi, luoro, heshima na uwajibikaji, paro, fikira na kujituma, na winjo, usikivu na kuelewa. Kati ya hizo nne, rieko pekee ndiyo iliyohusiana na alama za shuleni.

Sasa nieleze hofu yangu. Wapo wanaomwita mtoto wa Gredi ya 4 "mtu wa mikono", kisha wakaacha kumhangaikia katika kusoma. Wengine hugawa darasa kwa wanaojifunza kwa macho, kwa masikio na kwa vitendo. Mwaka wa 2008, Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha kila mtoto kwa mtindo wake humsaidia kujifunza zaidi. Gardner mwenyewe aliandika mwaka wa 2013 kwamba akili anuwai si mitindo ya kujifunza.

Lebo nane zaweza kufunga mtoto sawasawa na namba moja. Tofauti ni kwamba hii ya sasa inatamkwa kwa upole. Na sasa kwa kuwa mwanafunzi anachagua mkondo wake anapoingia Gredi ya 10, lebo aliyopachikwa utotoni yaweza kumfungia mlango ambao hajawahi kuubisha.

Lililo muhimu ni kufundisha jambo moja kwa njia kadhaa, kwa watoto wote: ngeli zisomwe, ziimbwe, zichezwe, zitungiwe mifano ya sokoni. Aliyebaki nyuma katika kusoma asaidiwe kusoma, kama Binet alivyokusudia. Naam, akili ni nywele. Ila tusisahau kwamba nywele hukua.