Uondoaji wa maudhui haramu mtandaoni, Mwanza na Kanda ya Ziwa

Uondoaji wa maudhui haramu mtandaoni ni utaratibu wa kisheria unaomwezesha mtu aliyedhuriwa na picha, video, sauti au maandishi yaliyowekwa kwenye intaneti kudai yaondolewe. Nchini Tanzania unategemea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Sheria

Bunge liliipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao Aprili 2015, Rais Jakaya Kikwete akaisaini mwezi huohuo, nayo ikaanza kutumika Septemba 1, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Ilivuma kwa sababu ya kifungu cha 16, kinachoadhibu habari za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Kifungu cha 45, ambacho ndicho hasa cha mwananchi wa kawaida, hakikupata umaarufu huo. Kinamruhusu mtu kumwandikia mtoa huduma wa mtandao akitaka maudhui yaondolewe. Barua inatakiwa kuwa na jina kamili, anwani na saini ya mlalamikaji, haki iliyovunjwa, maudhui yenyewe, hatua anayoitaka, na tamko kwamba anayoyaeleza ni ya kweli. Mtoa huduma halazimiki kupekua anayoyahifadhi, kwa hiyo kazi nzito ya kutafuta na kuonyesha inabaki kwa aliyeumizwa.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimpa mwenye leseni ya kutoa maudhui saa 12 kushughulikia malalamiko. Za 2020 zikataka maudhui yaliyokatazwa yaondolewe ndani ya saa 2 baada ya kuarifiwa. Asiyeridhika hupeleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Wimbo wa "Mwanza"

Tukio mashuhuri zaidi lenye jina la jiji hili halikuanzishwa na mlalamikaji wa kawaida. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo "Mwanza" wa wasanii Rayvanny na Diamond Platnumz kwa maelezo kwamba una maneno machafu, likaagiza uondolewe mitandaoni. Wimbo ulichezea jina la Nyegezi, kata ya kusini mwa jiji yenye stendi kubwa ya mabasi, hadi likasikika kama neno la tamaa. Desemba wasanii hao waliuimba kwenye tamasha hapohapo Mwanza, na BASATA likawafungia kufanya maonyesho kwa muda usiojulikana. Adhabu hiyo iliondolewa Januari 2019. Nakala za wimbo hazikutoweka mitandaoni, ingawa agizo lilitoka kwenye chombo cha taifa na wahusika walijulikana kwa majina.

Picha za faragha

Hapa ndipo msaada wa sheria unapohitajika kwa uchungu zaidi. Picha ya utupu iliyosambazwa na mpenzi wa zamani hupita kundi hadi kundi la WhatsApp, Mwanza, Musoma, Bukoba, na barua ya kifungu cha 45 haiwezi kuifikia kila simu. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamwadhibu msambazaji wa ponografia kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7. Adhabu ni kali, lakini haiirudishi picha. Mwathirika anaweza kuanzia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kuchukua RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake polisi. Ni muhimu sana ahifadhi ushahidi, yaani picha ya skrini, kiungo, tarehe na namba iliyotuma, kabla ya kudai uondoaji, kwani maudhui yakishafutwa huwa vigumu kuyaonyesha mahakamani.

Kwa kuwa kampuni kubwa za mitandao ziko Marekani, sheria ya nchi hiyo iliyosainiwa Mei 2025, inayotaka picha za faragha zilizowekwa bila ridhaa ziondolewe ndani ya saa 48 baada ya ombi halali, ina uzito hata kwa mkazi wa Ilemela, Mwanza. Huduma ya StopNCII, iliyoanzishwa 2021, hutengeneza alama ya kidijitali ya picha kwenye simu ya mwenyewe, bila kuituma picha kokote, ili mitandao shirikishi iizuie.

Taarifa binafsi

Kwa maudhui yenye taarifa binafsi za mtu, ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume yake.