Mizigo Mitatu ya Kuni

Daftari lenyewe ni lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mama huliweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na hatimiliki ya shamba na kadi zetu za kliniki. Juu ameandika "Harusi, Desemba 1993". Ndani hakuna picha wala maneno ya baraka. Ni jina, halafu kitu. Njahi, gorogoro tano. Sukari, kilo mbili. Waru, debe moja. Kushona gauni mbili za watoto. Kuchota maji, siku mbili. Kuni, mizigo mitatu.

Nililiona mara ya kwanza dada yangu aliposema harusi yake itafanyiwa nyumbani, Murang'a, hapo hapo uani, na chakula tutapika wenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, na somo nililoacha lilikuwa historia. Profesa wetu alikuwa anapenda kutuambia twende tutafute nyaraka. Basi, moja ilikuwa chini ya kitanda cha mamangu miaka hiyo yote.

Harusi kama hiyo huitwa ndogo, na ukisema ndogo watu wanasikia "hawana pesa". Mnakumbuka Januari 2017, wale wachumba wa Nairobi waliofunga ndoa kwa shilingi 100, pesa ya pete basi. Nchi nzima iliwahurumia. Kufika Februari 14 wafadhili walikuwa wamewafanyia harusi nyingine, kubwa, ya kifahari. Ilikuwa ukarimu, sikatai. Lakini ile ya kwanza ilikuwa imeshawafunga, na hakuna aliyeonekana kuiamini.

Daftari la Mama linaniambia kitu kingine. Kwanza, hakuna mahali limeandikwa neno "bure". Kila gorogoro ya njahi ina mwenyewe. Pili, karibu majina yote yamepigwa mstari. Nilidhani ni makosa ya kuandika. Mama akacheka. "Hao nimewalipa," akasema. Msichana wa fulani alipoolewa mwaka wa 1998, Mama alipeleka kilo mbili za sukari, akarudi nyumbani, akapiga mstari.

Jomo Kenyatta alieleza jambo linalofanana na hili katika kitabu chake cha 1938, kile alichokiandika akiwa London. Anasema nyumba ya Mgikuyu ilitakiwa ijengwe na iingiwe siku hiyo hiyo. Wanaume walikata miti na kusimamisha nguzo, wanawake wakaleta nyasi za kuezeka, na mwenye nyumba kazi yake kubwa ilikuwa kupika na kuandaa pombe. Mtu mmoja hawezi kumaliza nyumba kwa siku moja. Lazima uite watu, na ukiwaita leo, kesho wewe ndiye unaitwa. Kazi ya namna hiyo ya kusaidiana inaitwa ngwatio. Asiyeitika mwito wa wengine angemaliza nyumba yake na nani?

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ilihamisha zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya na kuwafungia katika vijiji zaidi ya 800, vyenye mitaro na walinzi na kafyu. Cucu yangu aliolewa akiwa ndani ya kijiji kama hicho. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hivyo nyumba yake ilijengwa na wanawake kuanzia nguzo hadi paa, kazi ambayo zamani wangeambiwa si yao. Harusi iliisha mapema kabla ya kafyu. Hakukuwa na nyama. Lakini hadi leo Cucu anaweza kukutajia ni nani alikanyaga udongo wa kukandika ukuta wa nyuma na nani alikandika wa mbele. Hajawahi kwenda shule. Daftari lake liko kichwani.

Baada ya uhuru wanawake wa Kati waliendelea na huo mtindo, wakaupa jina jipya: vikundi vya mabati. Miaka ya 60 na 70 walichanga senti, leo wanaezeka nyumba ya huyu, mwezi ujao ya yule, mpaka nyasi zikaanza kutoweka vijijini. Mabati yakiisha, kikundi hakivunjiki. Kinanunua vikombe, sahani, sufuria kubwa za sherehe. Sufuria zilizopika harusi ya Mama mwaka wa 1993 zilikuwa za kikundi kilichoanza hivyo, na moja bado ipo, imetobolewa na kuzibwa mara mbili.

Lakini kwa nini daftari la 1993 lina vitu vingi hivyo na pesa kidogo hivyo? Nimehesabu: waliotoa pesa ni tisa tu. Mwaka huo bei za bidhaa Kenya zilipanda kwa karibu asilimia 46. Ulikuwa wakati wa Goldenberg, shilingi inaanguka, mshahara unaisha kabla hujafika kwa gari. Mtu aliyeahidi shilingi mia Juni, kufika Desemba mia hiyo haikununua kitu alichokuwa amefikiria. Ila gorogoro ya njahi ni gorogoro ya njahi. Watu wa kijiji walijua hilo bila kusoma uchumi. Ningepata mwalimu wa kusahihisha hoja hii ningefurahi, lakini sina, kwa hivyo naiacha hapa.

Sasa harusi ya dada. Tulifungua kundi la WhatsApp, na kila aliyetuma pesa kwa M-Pesa aliandikwa kwenye orodha, jina na kiasi, na orodha ikarushwa upya kila jioni. Jina langu lilikuwa namba nne, kwa sababu mimi ni wa familia, na mbele yake hapakuwa na kitu. Jioni ya kwanza, ya pili, ya kumi. Binamu wa Nairobi elfu tano. Binamu wa Qatar elfu ishirini. Mimi, nafasi tupu. Hakuna aliyenisema, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimepasua gogo zima la mkaratusi, nimechimba mashimo ya nguzo za hema, nimemshikia shangazi kitambaa siku mbili akishona gauni kwa cherehani yake ya Singer. Orodha ya simu haina mahali pa kuandika hayo.

Sikumwambia Mama. Alijua tu. Wiki moja kabla ya harusi alitoka dukani na daftari jipya, akaandika mwaka juu, na mstari wa kwanza ukawa jina langu: kuni, mashimo, kushika kitambaa. Kisha akafungua lile la zamani na kunionyesha jina moja ambalo halijapigwa mstari. Ni la jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mjane. Mtoto wake mmoja yuko ng'ambo, mwingine aliolewa kimyakimya bila sherehe. Kwa hivyo boma lake halijawahi kuwa na harusi, na Mama hakuwahi kupata siku ya kumrudishia. Zaidi ya miaka 30 amekuwa akikutana naye kanisani akiwa na deni.

"Mpelekee," akaniambia. "Huyo hawezi kuja kwetu tukiwa bado tuna kuni zake."

Nilibeba mzigo wa kwanza begani asubuhi na mapema, nikavuka mto, nikarudi, nikabeba wa pili, kisha wa tatu. Jua lilikuwa limepanda. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, akanitazama nikija na kwenda bila kuuliza chochote.

"Cucu," nikamwambia, "Mama anasema ni za ile harusi yake. Mizigo mitatu."

Akazitazama kuni, akazihesabu kwa kidole.

"Mwambie mama yako asante," akasema. "Lakini ilikuwa minne."

Nikarudi kuchukua wa nne.