Vihisi Vinavyokufa Msimu wa Mvua: Hesabu ya Betri Kutoka Kakamega

Safu ya leo ni ya mafundi, walimu wa sayansi na vijana wanaounda vifaa vya kupima hali ya hewa, shamba au maji. Kwa nini kifaa kinachosoma joto mara moja kila dakika kumi humaliza betri kwa siku mbili, na tufanyeje kidumu mwaka?

Nimechukua mfano wa Kakamega kwa sababu huko hesabu mbaya hujulikana haraka. Sisi wa Pwani kifaa kikizimika, dawa yetu ni kuongeza paneli ya sola. Msitu wa Kakamega uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miti yake imefungana hata jua hufika chini kwa vitone. Paneli chini ya miti hiyo ni pambo.

Hasara yake si ndogo. Watafiti wa mradi wa BIOTA East Africa waliufanyia msitu huo kazi kuanzia 2001, na mtandao wa TAHMO huweka vituo vya hali ya hewa mashuleni katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Kazi kama hizo hutegemea rekodi isiyokatika. Mvua iliyonyesha betri ikiwa imekufa hairudi kupimwa, na betri hufa mawingu yakitanda, wakati ule ule mkulima anapohitaji kujua.

Umeme huenda wapi?

Kupima hakuli umeme mwingi. Kunakokula ni kusubiri. Bodi ya Arduino Uno hutumia karibu milliampia 50 hata ikiwa haifanyi lolote. Betri ya milliampia-saa 2,500 itadumu saa 50 tu. Chipu iliyo ndani yake, ATmega328P, ikilazwa usingizi kwa programu hushuka hadi maikroampia chache. Kinachobaki kula ni vitu vinavyoizunguka, na hivyo ndivyo vya kushughulikia.

1. Regyuleta na taa. Regyuleta ya 7805 hula karibu milliampia 5 yenyewe, mchana na usiku. MCP1700 hula maikroampia 2 hivi. Taa ya LED inayoonyesha kwamba umeme upo nayo iondoe. Huko msituni inamwangazia nani?

2. Usikiache kihisi kimewaka. Chukua thamista ya kilo-omu 10 iliyounganishwa na rizista ya kilo-omu 10 kwenye volti 3.3. Hupitisha maikroampia 165. Yaonekana haba, lakini kwa mwaka ni milliampia-saa 1,445, zaidi ya nusu ya betri yetu. Ipe umeme kutoka pini ya chipu badala ya kuiunga moja kwa moja na betri. Ukiiwasha milisekunde 10 kila dakika 10, matumizi hushuka hadi sehemu moja ya elfu sitini.

Kihisi cha unyevu wa udongo kinachokula milliampia 5 kitamaliza betri hiyo kwa wiki tatu kikiachwa. Kikiwashwa sekunde moja kila robo saa, wastani wake ni chini ya maikroampia 6. Kama kinahitaji umeme kuliko pini inavyoweza kutoa, tumia transista kuwa swichi.

3. Funga na waya wa data. Hapa wengi hukwama. Umemkatia kihisi umeme, lakini pini ya data bado iko juu, na umeme hupenya humo hadi ndani ya kihisi. Ishushe pini hiyo hadi sifuri kabla ya kulala.

4. Usidai usahihi usiouhitaji. Kihisi cha joto cha DS18B20 kwa biti 12 husoma hatua za nyuzi 0.0625 na huchukua hadi milisekunde 750. Kwa biti 10, hatua ni nyuzi 0.25 na muda ni milisekunde 187.5, yaani robo. Kwa shamba la mahindi, robo ya nyuzi yatosha.

5. Kipimo cha betri chenyewe. Rizista mbili za kupimia volti za betri ziwe za mega-omu moja kila moja, na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye kiungo cha kati ili usomaji usiyumbe.

Tahadhari

Usibane mpaka ukaharibu. Kila kihisi kina muda wake wa kutulia baada ya kuwashwa. Kwa mfano DHT22 huhitaji kama sekunde mbili. Ukisoma kabla, utapata namba, lakini namba ya uongo, na rekodi ya uongo ni mbaya kuliko pengo. Soma karatasi ya maelezo ya kihisi chako.

Kisha pima kwa mita, usikisie. Unganisha mita kwa mfululizo kwenye kipimo cha maikroampia kifaa kikiwa kimelala. Kikiamka kinaweza kujizima kwa sababu mita hupunguza volti, basi ziunge ncha zake kwa waya mfupi mpaka kilale tena.

Maoni yangu ni haya: shule, kaunti au kikundi kinachonunua vifaa vya kupimia kiulize kwanza kifaa hula kiasi gani kikiwa kimelala, kabla ya kuuliza ukubwa wa paneli. Muuzaji asiyeijua namba hiyo hajakipima. Swali hilo latuhusu hata sisi wenye jua tele: kihisi kwenye mikoko ya Gazi kikizimika, mtu ataingia topeni kwa kusubiri maji kupwa, na paneli huliwa na chumvi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga. Israfu ni israfu, hata ikiwa ya maikroampia.