Njia Iliyozaliwa na Mafuriko

Waendesha baiskeli wanaotoka Pittsburgh kwenda Washington, nchini Marekani, huanza na kilomita 240 za iliyokuwa njia ya reli, wakavuka milima ya Allegheny na kuteremka hadi mji wa Cumberland, Maryland. Hapo reli inaisha na mfereji unaanza. Kilomita 297 zilizobaki hufuata mto Potomac hadi Georgetown, Washington, juu ya tuta la udongo na changarawe walikopita baghala wakivuta mashua kwa kamba. Mkono wa kulia ni mto. Mkono wa kushoto ni mfereji wa Chesapeake na Ohio, ambao kwa sehemu kubwa umekauka na kuota miti.

Kabla ya kufunga mizigo, wazoefu wa njia hii huulizia kwanza habari za mto: wapi pamefungwa, mchepuko unapita barabara gani, kambi ipi imezama. Ndivyo ilivyokuwa hata zama za mashua, ila wakati huo aliyeuliza alikuwa nahodha mwenye shehena ya makaa ya mawe. Tangu mfereji huu uchimbwe, historia yake inakwenda kwa mafuriko, na baadhi ya mafuriko makubwa yamebadilisha mwenye mali.

Kazi ilianza tarehe 4 Julai 1828. Rais John Quincy Adams alishika koleo mbele ya umati karibu na Little Falls, likagonga mzizi. Akajaribu tena, likagoma. Akavua koti, akachimba mpaka udongo ukatoka, na watu wakamshangilia kwa nguvu. Siku hiyohiyo, mjini Baltimore, Charles Carroll, aliyekuwa amebaki peke yake hai kati ya waliotia saini Azimio la Uhuru, aliweka jiwe la msingi la reli ya Baltimore na Ohio. Kampuni zote mbili, ya mfereji na ya reli, zililenga magharibi, na zote zililihitaji bonde lilelile la Potomac. Pale Point of Rocks, ambako mlima umesogea mpaka ukingoni, nafasi haikuzitosha. Kesi kati yao ilikwenda hadi 1832 na mfereji ukashinda haki ya kuchagua kwanza.

Ukachagua ukanda wa chini, kwa maana mfereji hauna hiari. Unataka maji ya mto na ardhi iliyo sawa, na vyote viwili viko kwenye uwanda ambao mto wenyewe umeulainisha kwa kuufurikia karne nenda rudi. Hapa ndipo mkasa wote ulipofichwa. Usawa uleule uliomwezesha baghala kuvuta mashua yenye tani zaidi ya mia, na unaomwezesha leo mtu wa kawaida kuendesha baiskeli siku nzima bila kuhema, ni usawa wa mahali ambapo mto hulala unapojaa.

Wachimbaji, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland, walilipa gharama kubwa. Mwaka 1832 kipindupindu kilipita kambini mwao na kuua wengi. Handaki la Paw Paw, lenye urefu wa mita 950, lilianza kutobolewa mwaka 1836 na halikupitisha mashua hadi 1850. Malango 74 ya kupandishia mashua yalijengwa ili kukabili mwinuko wa mita 184, pamoja na madaraja 11 ya mawe yaliyobeba mfereji juu ya mito midogo. Mfereji ulipofika Cumberland mwaka 1850, reli ilikuwa imekwisha kufika miaka minane kabla. Safari ya kwenda mto Ohio iliishia hapo.

Hata hivyo makaa ya mawe yaliupa maisha. Mwaka 1875 yalipita karibu tani milioni moja, na familia nzima ziliishi ndani ya mashua, watoto wakitembea na baghala tangu alfajiri. Mfereji uliolishwa na mto uliweza kustahimili ushindani wa reli kwa muda mrefu kuliko wengi walivyotarajia.

Mwisho wa Mei 1889 ikaja mvua kubwa, ileile iliyobomoa bwawa juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, na kuua watu zaidi ya 2,200. Upande wa Potomac maji yalipanda hadi mita 10 na nusu pale Harpers Ferry, mahali mto Shenandoah unapoingia. Matuta yalikatika, mashua zikabebwa hadi mashambani, nyumba za walinda malango zikasombwa.

Inafaa kueleza maji hufanyaje, kwa sababu tangu siku ile namna ya uharibifu haijabadilika. Mto ukipanda, hulipita tuta na kumomonyoa upande wake wa juu. Magogo huziba makalavati yaliyo chini ya mfereji, na kijito kilichozibwa hutafuta njia kwa kupasua tuta lenyewe. Kisha mto unashuka upesi, lakini maji yaliyonaswa ndani ya mfereji hayana pa kwenda. Hulisukuma tuta lililokwisha kulowa, nalo hubomoka kuelekea mtoni. Mahali ambapo tuta limesalimika, tope zito hulala juu ya njia. Pengo moja tu katikati ya kilomita 297 hutosha kukata mawasiliano.

Kampuni ya mfereji ilifilisika. Mkopeshaji mkubwa aliyeshika hatifungani zake alikuwa nani? Reli ya Baltimore na Ohio, adui wa tangu siku ya kwanza. Na reli hiyo ndiyo iliyotengeneza mfereji, ukafunguliwa tena mwaka 1891. Haikusukumwa na huruma. Iwapo mahakama ingeamuru mfereji uuzwe, reli nyingine shindani ingeweza kuununua na kutandika mataruma juu ya njia ya baghala. Naona hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii: njia tunayoijua leo ilinusurika kwa hofu ya mfanyabiashara. Bila hofu hiyo, bonde lote lingekuwa na vyuma.

Furiko la 1924 lilimaliza biashara ya mashua. Safari hii reli haikutengeneza zaidi ya sehemu chache. Mfereji ukaachwa kwa vyura na vichaka. Machi 1936 theluji iliyeyuka kwa mvua, mto ukafika mita 11 Harpers Ferry, kiwango ambacho hakijavukwa hadi leo, na madaraja yakasombwa. Mwaka 1938 serikali ya Marekani iliununua mfereji mzima kwa dola milioni 2. Vijana weusi wa kikosi cha kazi cha enzi za Rais Roosevelt, waliokaa kambini Carderock, walizibua na kujenga upya sehemu ya chini iliyo karibu na Washington. Majina yao hayatajwi sana pembeni mwa njia, na inastahili yatajwe. Oktoba 1942 mto ukarudi na kuharibu sehemu ya kazi yao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakubwa wa Idara ya Hifadhi za Taifa walianza kuona kwamba gofu hili lingefaa kuwa barabara ya magari ya kutalii. Januari 1954 gazeti la Washington Post liliunga mkono wazo hilo. Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu akawaandikia wahariri akiwataka waandamane naye kwa miguu njia nzima, waone kwanza kinachotaka kufukiwa lami. Wakakubali. Tarehe 20 Machi msafara uliondoka Cumberland, na baada ya siku nane Jaji na wenzake wanane tu waliokuwa wametembea hatua zote waliingia Washington. Wahariri waliambulia malengelenge, na gazeti likalegeza msimamo. Januari 1971 Rais Nixon alitia saini sheria ya kuufanya mfereji hifadhi ya taifa ya kihistoria.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Juni 1972, mabaki ya kimbunga Agnes yalishuka bondeni na kuivuruga hifadhi changa. Mwaka 1973 matao mawili kati ya matatu ya daraja la maji la Catoctin yalianguka. Yalisimamishwa upya mwaka 2011. Furiko jingine likaja Novemba 1985. Mwaka 1996 ulikuwa wa pekee: Januari theluji nzito ilikutana na mvua ya vuguvugu, na Septemba kikaja kimbunga Fran. Mara zote mbili mto ulifika takribani mita 9 Harpers Ferry. Watu wa kujitolea waliokuwa wamekwisha kusomba tope wakaanza upya kabla mwaka haujaisha.

Kidonda kirefu zaidi cha mwaka ule kilikuwa Big Slackwater, juu ya Bwawa Namba 4. Wajenzi wa zamani hawakuchimba mfereji hapo. Jabali lilikuwa karibu mno. Mashua ziliingizwa mtoni penyewe, kwenye maji yaliyotulizwa na bwawa, na baghala wakatembea juu ya kingo nyembamba chini ya jabali. Mafuriko yalikuwa yakiimega kingo hiyo miaka mingi, na yale ya 1996 yakaimaliza. Njia ikafungwa. Waendesha baiskeli wakapelekwa kwenye mchepuko wa kilomita kadhaa wa barabara za mashambani, nyembamba, zenye kona na vilima na magari yasiyowatarajia. Kwa njia ambayo sifa yake yote ni usawa na usalama, hili lilikuwa jambo zito, na lilidumu zaidi ya miaka 15. Kila bajeti ilikuwa na dharura nyingine. Naamini kosa lilikuwa kuhesabu furiko kama ajali ya mara moja inayongoja fungu maalumu, ilhali rekodi ya bonde hili iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Oktoba 2012 kingo ilifunguliwa tena, safari hii ikiwa imejengwa kwa mapande ya zege yaliyosimikwa juu ya nguzo kando ya jabali. Wahandisi hawakujaribu kuiinua juu ya kila furiko. Waliiacha izame. Mto ukijaa, Idara ya Hifadhi za Taifa hufunga sehemu hiyo. Ukishuka, wafanyakazi huja na koleo na mashine, wakaondoa tope na magogo, wakakagua viungio, wakaondoa vizuizi, na baiskeli zikaendelea kuelekea Williamsport.