Songea ina uwanja, wenye ulemavu wachezee wapi?

Ukimwuliza mtu wa Songea habari za michezo, atakuanzia na timu ya soka ya Majimaji, na ana haki. Wanalizombe walitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, wakautetea 1986, na mwaka 1998 wakaubeba tena mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Historia hiyo kila kijiwe kinaijua. Ipo nyingine isiyosimuliwa, ya wachezaji wasioona, viziwi na waliokatwa miguu. Hiyo ilianzia shuleni, na kwa kiasi kikubwa imebaki huko huko.

Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ikafuata mwaka 1963. Makanisa ndiyo yaliyotangulia katika kazi hiyo, na baadaye shule na vitengo vya elimu maalumu vikaenea mikoani. Songea nayo ina shule ya msingi ya viziwi, pale Ruhuwiko. Kwa watoto wengi wenye ulemavu, bweni la shule za namna hii ndilo lililowakutanisha kwa mara ya kwanza na wenzao wa kutosha kuunda timu.

Duniani mambo yalikuwa yameshaanza. Julai 29, 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha kulenga shabaha kwa upinde majeruhi 16 wa vita, wanaume na wanawake, wakiwa kwenye viti vya magurudumu katika hospitali ya Stoke Mandeville. Kutoka hapo ikazaliwa Paralimpiki. Kenya na Uganda ziliingia mwaka 1972, kule Heidelberg, Ujerumani. Sisi tulisubiri hadi Barcelona, 1992. Miaka 20 nyuma ya majirani si pengo dogo, na hadi michezo ya Paris ya 2024 Tanzania haijapata medali ya Paralimpiki hata moja.

Kwa mtoto wa Ruvuma, mlango ulifunguka zaidi pale UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ilipoingiza michezo maalumu: soka la viziwi, riadha ya wasioona, na mpira wa goli. Huu wa mwisho ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia. Timu ina wachezaji watatu, na wote hufungwa vitambaa machoni ili anayeona kidogo asimzidi asiyeona kabisa. Mpira una uzito wa kilo moja na robo, na ndani yake mna kengele. Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na chini ya utepe wa kila mstari hupitishwa kamba, ili mchezaji ajue kwa kupapasa amesimama wapi. Mpira ukivurumishwa, watatu wa upande wa pili hujitupa chini kwa ubavu, mikono na miguu imenyooshwa, kuziba goli. Na watazamaji wanyamaze! Ukishangilia kabla ya goli umeharibu mchezo, maana mlinzi hasikii kengele. Katika soka la viziwi ni kinyume chake: pigeni kelele mtakavyo, mwamuzi anatumia kibendera.

Yote hayo ni mazuri. Lakini mtoto akimaliza shule anarudi mtaani, na mtaani kuna ndondo, ligi ya mbuzi, bonanza na jogging ya Jumamosi. Nani anakumbuka kumwita?

Tena wapo ambao hawakupita kabisa katika shule hizo. Ajali ya bodaboda na kisukari hukata miguu ya watu wazima. Hao ndio wa soka la magongo: wachezaji saba kwa timu, wa ndani wakiwa na mguu mmoja na kipa mkono mmoja, na gongo likigusa mpira kwa makusudi ni sawa na kuunawa. Timu yetu ya taifa, Tembo Warriors, ilifuzu Kombe la Dunia kupitia mashindano ya Afrika yaliyofanyika Dar es Salaam mwaka 2021, na mwaka uliofuata, nchini Uturuki, ikafika robo fainali. Timu ngapi za taifa hili zimefika hapo?

Mfano ninaouthamini zaidi ni wa Albino United, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 2008, wakati wenye ualbino walipokuwa wakiuawa. Vijana wale hawakusubiri mashindano yao peke yao. Walicheza na timu za kawaida, mbele ya watu wa kawaida, na aliyekuwa akiamini kwamba mwenye ualbino ni mzimu alimwona akikimbia, akitoa jasho, akikosa goli.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga sheria yetu mwaka 2010. Ibara ya 30 ya mkataba inataka mambo yote mawili: wenye ulemavu washiriki michezo ya kawaida pamoja na wengine, na pia wawe na michezo yao mahususi. Sisi tumefanya kidogo la pili, na la kwanza tumeliacha.

Halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Huo ni mtaji wa biashara, nao haununui mpira wenye kengele. Basi Manispaa ya Songea iweke fungu la michezo yao katika bajeti, hata kama ni la mipira michache na magongo. Nanyi waandaaji wa bonanza za kata, msimu ujao tengeni nusu saa ya mechi yao katikati ya ratiba, watu wakiwa wamejaa, siyo asubuhi kabla hawajafika.