Maana ya neno 'simple': si kila mara 'rahisi'

Ukiambiwa kazi fulani ni simple, wengi husikia "rahisi". Si vibaya, ila neno hili la Kiingereza lina zaidi ya hapo, na likielekezwa kwa mtu linaweza kugeuka tusi.

Asili yake ni simplex ya Kilatini, yaani chenye mkunjo mmoja, na Kiingereza kililipata kupitia Kifaransa. Kwa hiyo msingi wake ni kutokuwa na mambo mengi. Gauni simple ni lile lisilo na marembo. Kukosa ugumu ni kazi ya neno easy. Kubeba gunia la mahindi la kilo 100 ni simple: unainua, unakwenda. Lakini easy? Thubutu!

Shuleni, sentensi yenye kitenzi kikuu kimoja huitwa sentensi sahili, na hilo "sahili" ndilo lililo karibu zaidi na simple, ingawa mtaani hulisikii.

Kwenye mikopo kuna simple interest, riba inayohesabiwa juu ya kiasi cha mwanzo tu. Kopa shilingi 100,000 kwa asilimia 10 kwa mwaka, ulipe yote baada ya miaka 3: riba ni 30,000. Riba ikizaa riba kila mwaka, inafika 33,100. Ukiliona neno hilo kwenye mkataba, usidhani maana yake ni riba nafuu. Asilimia ndiyo ya kuangalia.

Sasa kwa watu. Mtaani, "mtu simpo" ni sifa: hana makuu. Kiingereza nacho husema a simple man kwa maana hiyohiyo. Ila ukiondoa man ukabaki na he is simple, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba jamaa ana akili pungufu. Kama unampendekeza mtu kazini, andika humble, uwe salama. Na usije ukaitafsiri kuwa "mtu rahisi", hasa kwa mwanamke. Hapo utakuwa umemvunjia heshima.

Kuna na ndugu yake, simplistic. Wengi hudhani ni simple iliyokolezwa. Hapana, hiyo ni lawama: jambo limerahisishwa mno hadi ukweli umeachwa nje. Ukimwandikia bosi kwamba mpango wake ni simplistic, hujamsifu, umemkosoa.

Ukilinganisha, sema simpler, kisha simplest.