Vyanzo vya Uchafuzi wa Hewa katika Nyumba za Mjini

Hewa ya nyumba za mjini huchafuliwa kutoka ndani, hasa kwa kupika, na kutoka nje kwa moshi wa magari, vumbi na taka zinazochomwa. Mpaka kati ya ndani na nje ni mwembamba: katika mitaa iliyobanana kama Manzese na Tandale, Dar es Salaam, moshi uliotoka nyumba hii huingia ya jirani.

Ndani, chanzo kikuu ni mkaa. Nyumba nyingi za uswahilini zina korido moja na vyumba vya wapangaji pande mbili, kila kaya na jiko lake. Mvua ikinyesha, majiko ya uani huhamia koridoni. Mkaa ukishakolea moshi hupungua, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwani bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayonata kwenye himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayelala na jiko la makaa chumbani, mlango umefungwa, anaweza asiamke. Msimu wa baridi Nairobi na Arusha, onyo hili halina budi kurudiwa kila mwaka.

Koroboi, sigara, udi na dawa ya mbu ya kuchoma nazo huongeza chembe hewani. Gesi ya mitungi ni safi zaidi kwa mbali, ingawa mwali wake hutoa naitrojeni dayoksaidi.

Nje kuna dizeli ya magari chakavu, jenereta, na plastiki inayochomwa pamoja na majani yaliyofagiliwa. Jijini Nairobi, dampo la Dandora limekuwa likifuka kando ya makazi tangu miaka ya 1970.

Chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka cha chembe hizi kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Wanaozivuta zaidi ni wanawake wanaopika, na watoto waliobebwa mgongoni.

Mkakati wa Tanzania wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia. Kikwazo ni namna ya kulipa. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kadiri ya pesa ya siku. Mtungi wa gesi hujazwa kwa mkupuo. Ndiyo maana kaya nyingi huchemshia chai kwenye gesi na maharage kwenye mkaa.